Orodha, Kadi au Kusoma? Njia za Kujenga Msamiati wa SAT Ukishamaliza Kidato cha Sita

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, ujumbe uleule huingia kwenye simu yangu: "Dada, shikamoo. Naomba ile orodha ya maneno ya SAT." Anayeomba mara nyingi ametoka mchepuo wa sayansi, PCM au PCB, na alama zake ni safi. Hesabu hazimtishi. Kiingereza kama somo alikiaga kidato cha nne, na sasa anataka kuomba vyuo vya Marekani, na SAT ndiyo mtihani wa kuombea vyuo hivyo. Ameambiwa kuna maneno elfu kadhaa, ukiyameza yote kazi imekwisha.

Orodha ninazo, tena tatu. Lakini siku hizi sizitumi kabla sijamuuliza mambo mawili: una miezi mingapi, na ukikosa swali la msamiati, huwa unalikosa kwa nini? La kwanza wanalijibu haraka. La pili huwa kimya.

Orodha nyingi ni za mtihani uliokwisha kufa

SAT ilianza 1926, na kwa miongo mingi ilipima maneno moja kwa moja. Kulikuwa na maswali ya kutaja kinyume cha neno, yakaondolewa 1994. Kulikuwa na yale ya kulinganisha jozi za maneno, yakaondolewa 2005. Kujaza sentensi kwa maneno adimu kuliondolewa 2016. Enzi hizo ndizo zilizozaa vitabu vinene vya maneno elfu tatu na kitu, na ndivyo vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na bado vinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Mtihani wa sasa ni wa kompyuta. Sisi wa nje ya Marekani tulianza nao Machi 2023, Wamarekani wenyewe wakafuata 2024. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, katika moduli mbili za maswali 27. Ukifanya vizuri ya kwanza, ya pili inakuja ngumu zaidi, na huko ndiko alama za juu ziliko. Kila swali lina kifungu chake kifupi, cha maneno 25 hadi 150. Maswali ya msamiati ndiyo yanayofungua kila moduli, kwa hiyo ukiyumba hapo unaanza safari nzima umeyumba.

Maswali hayo yana sura mbili. Moja inakupa pengo na kutaka neno linalofaa zaidi kimantiki na kimaana. Nyingine inakuonyesha neno lililopo tayari kwenye kifungu na kuuliza hapo lina maana gani. Neno lenyewe kwa kawaida si la ajabu. Angalia mfano huu niliotunga mwenyewe:

> Far from ______ the farmers' old belief that the beetle harmed their crops, the survey showed that fields with more beetles had fewer pests.

Machaguo ni manne: confirming, undermining, disputing, imitating. Nimewapa vijana wengi swali la namna hii. Wengi huchagua undermining, na ukiwauliza maana ya maneno yote manne wanakutajia bila kusita. Jibu ni confirming.

Kilichowaangusha ni "far from". Kichwani wameisoma "mbali na", na sisi tukisema "mbali na kudhoofisha imani ya wakulima, utafiti ulionyesha pia…" tunamaanisha kwamba kuidhoofisha kulifanyika, na juu yake kuna jambo la ziada. Kiingereza kinasema kinyume chake: utafiti haukuithibitisha imani hiyo hata kidogo. Hapo hata ungejua maneno elfu kumi, swali lingekuponyoka.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kulinganisha njia yoyote, fanya maswali 40 ya aina hii. College Board, wenye mtihani, wana benki ya maswali mtandaoni, ya bure, ambayo unaweza kuichuja ubaki na ya msamiati tu. Yale uliyokosa yagawe marundo mawili: "neno sikulijua" na "maneno niliyajua, sentensi sikuiona". Ulinganisho wote unaofuata unategemea rundo lipi ni kubwa.

Kama rundo la pili ndilo kubwa

Basi huhitaji orodha ya maneno mia tano. Unahitaji vibanzi, yaani vijineno na virai vifupi, kama ishirini hivi vinavyogeuza sentensi, na habari njema ni kwamba Kiswahili kinavyo karibu vyote. "Let alone" ni sembuse, hakuna cha kuongeza. "Albeit" ni japo. "Notwithstanding" ni licha ya, ila Kiingereza wakati mwingine hukiweka nyuma ya nomino, na hapo ndipo jicho linapoteleza. "Anything but simple" ni kwamba si rahisi hata chembe. "All but vanished" ni karibu kutoweka kabisa, wala si "vyote isipokuwa". "Hardly" haina uhusiano na ugumu. Ni hapana iliyovaa kilemba. "If anything" inakuja kusema kwamba kama kuna tofauti yoyote, basi ni ya upande ule ambao hukuutarajia.

Wiki mbili za kazi hii zinalipa kuliko miezi miwili ya kukremu. Ongeza hapo alama ya nukta pacha na nukta mkato. Kwenye vifungu vya SAT, kinachofuata nukta pacha mara nyingi ni maelezo ya neno lililotolewa kwenye pengo. Aliyezoea kuziruka anasoma nusu ya swali.

Wenzetu wa Kenya wana faida ndogo hapa. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE ina kifungu cha kujaza mapengo chenye alama 10, na aliyekizoea tayari ana mkono wa kutafuta dalili kabla na baada ya pengo. Kwetu, aliyesoma PCM hakugusa kitu kama hicho kwa miaka miwili.

Orodha dhidi ya kadi

Sasa tuseme rundo la kwanza ndilo kubwa: maneno huyajui kweli. Orodha ina sifa moja, nayo ni kwamba ipo. Unaiprinti steshenari, unaibandika ukutani, unajisikia umeanza. Kasoro yake ni kwamba ubongo hukariri mahali, siyo maana. Unajua "abate" liko juu ya "aberrant", ukikutana na "abate" peke yake kwenye kifungu cha mafuriko, giza. Mimi nilianza na orodha kwa mpangilio wa alfabeti na nikakwama herufi E. Hadi leo Kiingereza changu cha kifahari kinaanzia A na kuishia hapo.

Kadi, zenye neno mbele na maana nyuma, zinavunja mpangilio huo, na zinakulazimisha ukumbuke kabla hujaona jibu. Kingine ni muda. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo 1885: tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua. Ukirudia neno kesho, halafu baada ya siku tatu, kisha wiki, unalikamata kila linapotaka kuponyoka. Orodha haijui lini unataka kusahau neno gani.

Kwa kadi za simu, programu ya Anki ndiyo ninayoipendekeza. Kwenye Android na kompyuta ni bure. Kwa iPhone unalipia, tena si kidogo. Ukishaipakua haihitaji bando kila siku. Ikija na mipangilio yake ya mwanzo itakupa kadi mpya 20 kwa siku, na watu wengi huziona chache wiki ya kwanza wakaongeza hadi 50. Wiki ya tatu wanaamka na kadi mia tatu za kurudia, wanaifuta programu. Weka 10 au 15. Kwa 15 kila siku, siku 100 zinakupa kadi 1,500, na hizo ni nyingi kuliko mtihani huu unavyodai.

Kama simu ni ya kugombea na wadogo zako, au umeme kwenu una ratiba yake, boksi la viatu linafanya kazi ileile. Kata karatasi za manila, gawa boksi vyumba vitano. Kadi uliyoipata inasogea chumba cha mbele, uliyoikosa inarudi cha kwanza. Chumba cha kwanza unakifungua kila siku, cha pili kila baada ya siku mbili, na kuendelea. Mbinu hii ilienezwa na mwandishi Sebastian Leitner miaka ya 1970, kabla programu hizi hazijakuwepo.

Kati ya orodha na kadi, basi, sioni shindano. Orodha ibaki kuwa ghala la kuchotea, si kitu cha kusoma.

Ila kuna kundi moja la maneno ambalo orodha na kadi za kupakua hulipuuza: yale uliyojifunza darasa la tano. "Novel" likiwa kivumishi ni jipya. "Qualify" ni kuwekea kauli mipaka. "Temper" ni kupunguza makali. "Check" ni kuzuia. "Want" likiwa nomino ni ukosefu. "Weather" likiwa kitenzi ni kustahimili dhoruba ukatoka mzima. Ile sura ya pili ya swali, inayouliza neno hapa lina maana gani, inayapenda haya. Hakuna atakayekutengenezea kadi zake kwa sababu kila mtu anaamini anayajua.

Kadi dhidi ya kusoma

Hapa ndipo pagumu, na sitajifanya jibu ni moja.

Kadi ni za haraka lakini nyembamba. Unajua "mitigate" ni kupunguza ukali, ukaandika kwamba daktari alimmitigeti mgonjwa. Aliyelikuta neno hilo mara tano kwenye makala anajua kwamba huja na madhara, hatari, hasara, kamwe si na mtu. Vivyo hivyo "tentative" hupenda kukaa na hitimisho au makubaliano, na "staunch" na mfuasi au mtetezi. Swali la SAT likitaka neno linalofaa zaidi, mara nyingi machaguo mawili yana maana inayokaribiana, na kinachoyatenganisha ni ujirani wa namna hii. Kadi yenye neno moja mbele na maana moja nyuma haikufundishi ujirani.

Kusoma ni kuzito lakini ni polepole mno. Kwenye makala ya maneno mia nane mimi hukuta maneno matano hadi manane yanayomsumbua mwanafunzi wangu wa kawaida, na huenda asikutane nayo tena mwezi mzima. Mwenye wiki sita hawezi kusubiri bahati hiyo.

Kuhusu cha kusoma: siyo magazeti ya kila siku, kwa sababu lugha yake ni nyepesi kuliko ya vifungu. Vifungu vya mtihani vinatoka kwenye sayansi, historia na jamii, sanaa, na fasihi. Kwa sayansi, jarida la mtandaoni la Quanta ni bure na inaandika kwa namna inayokaribia mtihani. Tovuti ya The Conversation, ambayo ina toleo la Afrika, waandishi wake ni watafiti wa vyuo, kwa hiyo utakutana sana na watu wanaodai, wanaopinga, wanaoweka mipaka. Kwa fasihi ya karne ya 19, ambayo huwachosha wengi kwa sentensi zake ndefu, Project Gutenberg wana maelfu ya vitabu visivyolipiwa, na mafaili yake ni mepesi kwa bando la kawaida. Kurasa mbili kwa siku zinatosha. Zisome mara mbili.

Na kama wewe ni wa sayansi, una mtaji ambao huujui. "Volatile" umelisoma kwenye kemia. Kwenye kifungu linakuja kama soko lisilotulia au hasira za mtu. "Catalyst" linakuwa tukio lililoharakisha mabadiliko. "Inert", "saturated", "friction", "inertia", "diffuse", "buoyant", yote yametoka maabara yakavaa suti. Nimewahi kumwona kijana wa kayumba, aliyeanza kufundishwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza, akiwapita wa Ingilishi midiamu kwenye maneno haya kwa sababu tu alikuwa ameyaelewa kwenye fizikia badala ya kuyakariri.

Mchanganyiko ninaouamini ni huu: soma, na kadi zitoke kwenye ulichosoma na kwenye maswali uliyokosa. Mbele ya kadi andika sentensi nzima uliyoikuta, neno likiwa limepigiwa mstari. Nyuma andika maana na sentensi ya pili uliyotunga wewe. Kutengeneza kadi moja namna hii kunachukua dakika mbili. Furushi la kupakua unalipata kwa sekunde kumi, na ndiyo maana watu hulichagua, lakini zile dakika mbili zenyewe ni nusu ya kujifunza.

Nyuma ya kadi: Kiswahili au Kiingereza?

Walimu wengi watakwambia usitafsiri. Sikubaliani nao moja kwa moja. "Reticent" ukiandikiwa maelezo ya Kiingereza unapata sentensi nyingine ya kutafsiri. Ukiandika "mzito wa kusema" umemwona shangazi yako na neno halitoki tena. Kwa tabia za watu na hisia, Kiswahili kinashika haraka. "Candid" ni mtu asiyepaka mambo rangi. "Ubiquitous" ni kitu ambacho kila kona kipo, kama bodaboda.

Tatizo linaanzia kwenye vitenzi vya kitaaluma. Neno letu "kuthibitisha" linameza prove, confirm, verify, validate, substantiate na corroborate. Ukiandika "kuthibitisha" nyuma ya kadi zote sita, umejichimbia shimo, maana mtihani unataka uzitenganishe. "Corroborate" ni ushahidi wa pili kuja kuunga mkono wa kwanza. Hapo andika kirai kizima, "shahidi mwingine kusema hivyohivyo". "Kupinga" nalo ni gunia: kuna dispute, ambayo ni kubishia tu, na refute, ambayo ni kuibomoa hoja ikalala chini. Kwa kundi hili weka Kiingereza chenye mfano, au Kiswahili cha maneno matano, lakini si neno kwa neno.

Mizizi ya maneno

Watu wa Kiswahili tunaipenda mbinu hii kwa sababu lugha yetu yenyewe ndivyo ilivyo: soma, somea, someka, somesha, msomi. Ukijua "cred" ni kuamini, unapata credible, credence na incredulous kwa mpigo. Jifunze mizizi thelathini, wikendi moja, kisha iache. Kiingereza hakina uaminifu wa vitenzi vyetu. "Invaluable" si kitu kisicho na thamani bali chenye thamani isiyokadirika. "Inflammable" inashika moto. "Enervate" inanyong'onyeza, wala haitii nguvu. "Restive" ni asiyetulia, na "noisome" inanuka. Mizizi ni ya kubahatisha kwa akili dakika ikiwa imebaki moja, na kwa kuwa mtihani haukati alama kwa jibu lisilo sahihi, bahatisha bila woga.

Kwa muda ulionao

Wiki sita: vibanzi vinavyogeuza sentensi, maswali kumi ya benki kila siku, kadi za makosa yako tu. Kusoma makala kutakufurahisha lakini hakutawahi.

Miezi minne ndiyo hali ya wengi, kuanzia mitihani ya Mei hadi SAT ya Oktoba. Kama umepangiwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, usiuhesabu muda huo kwenye miezi yako. Hapa gawanya: kadi 10 mpya, makala moja kila baada ya siku moja, na jaribio kamili kila wiki ya tatu.

Mwaka mzima au zaidi, uko kidato cha tano na unasoma haya mapema? Soma tu. Kadi ziwe tano kwa siku, au zisiwepo kabisa mpaka miezi sita ya mwisho.

Na kama unachohitaji ni IELTS, mtihani wa Kiingereza, wa kwenda Uingereza, karibu yote niliyosema ya kutambua maneno yapunguzie uzito. Kule msamiati unapimwa kwenye unachoandika na unachosema, kama kigezo kimoja kati ya vinne, na maneno mia mawili unayoyatumia bila kutetereka yatakubeba kuliko elfu moja unayoyatambua kwa mbali.

Jambo la mwisho la kiutendaji: Bluebook, programu ya kufanyia mtihani na majaribio yake ya bure, haifanyi kazi kwenye simu. Tafuta kompyuta ya kuazima, hata ya mtu wa steshenari baada ya saa za kazi, ufanye jaribio la kwanza kabla hujaandika kadi hata moja. Ukishayahesabu marundo yako mawili nitumie namba zake, na orodha nitakutumia bila maswali. Hadi sasa waliofika hapo na bado wakaitaka ni wawili tu.